Simamisha huyo fundi: masika yapite kwanza, ndipo uweke pevingi

Mkuu, msimamishe huyo fundi leo, kabla lori la kwanza la kifusi halijaingia getini.

Umeandika kwamba familia na wanafunzi wa zamani mmechanga ili mjenge bustani ya kusomea kando ya maktaba ya wilaya, huko Morogoro, kumkumbuka mwalimu wenu aliyefariki. Eneo lina mita 12 kufuata ukuta na mita 9 kwenda nje, na liko chini ya kibaraza kwa sentimita 40 hivi. Fundi amewashauri mlijaze kifusi mpaka lilingane na kibaraza, amwage zege, atandike pevingi (vitofali vya zege vya kutandika chini) eneo zima, apande miti minne ya fikasi pembeni, na uzinduzi uwe mwezi wa 4. Halafu ukauliza miti gani inafaa, mabenchi ya aina gani, jiwe liandikwe nini, wageni waalikwe wangapi, na kama kabati la vitabu linaweza kukaa nje. Yote nimeyasoma. Swali ambalo hukuliuliza ndilo litakalowala hela: mvua ikinyesha juu ya bustani hiyo, maji yataenda wapi?

Yataingia maktabani. Nililifanya kosa hili hili, kwa ushauri wa aina hii hii, na tulivunja kila kitu kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana nakuandikia kwa haraka.

Piga hesabu mwenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bustani yenu ina mita za mraba 108. Ikinyesha milimita 50 kwa siku moja, na masika yanaweza kuleta mvua hiyo, ni lita 5,400 juu ya bustani peke yake. Sasa ongeza paa. Kama upande wa paa unaomwaga huko una mita 20 kwa 5, hizo ni lita 5,000 nyingine. Jumla lita 10,400, yaani madumu 520 ya lita 20, yanamwagwa kwa siku moja kwenye uwanja uliozibwa kwa zege na kulingana na mlango wa maktaba. Leo hii maji hayo yanatulia kwenye lile bonde la sentimita 40 na kunywewa na ardhi taratibu. Hilo bonde fundi analiona kasoro. Mimi nakwambia ndilo linalolinda vitabu vyenu.

Nenda maktabani, chuchumaa kando ya ukuta wa upande huo. Kati ya msingi na tofali za ukuta tafuta mstari mwembamba mweusi, wa nailoni nzito au lami. Mafundi wanauita dipisii. Kazi yake ni moja: kuzuia unyevu wa ardhini usipande ukutani. Kama plasta imeufunika, chukulia kwamba uko karibu na usawa wa sakafu ya ndani. Ardhi ya nje inatakiwa ibaki chini ya mstari huo kwa sentimita 15 au zaidi, mwaka mzima, hata baada ya kuweka pevingi na maua. Mkijaza mpaka usawa wa kibaraza, mnaizika dipisii. Tofali zilizo juu yake zinagusana na udongo mbichi na kufyonza maji kama kitambaa kilichotumbukizwa ncha kwenye beseni.

Dalili zake hazionekani siku ya uzinduzi. Kwanza rangi ya ndani inavimba malengelenge karibu na sakafu. Ukiyabonyeza yanapasuka, na chini yake kuna unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Halafu mstari wa unyevu unapanda, na unaweza kufika karibu mita moja. Kama ukuta una matundu ya hewa chini ya madirisha, kifusi kimeyaziba, kwa hiyo chumba hakikauki. Hewa ya ndani ikishapita unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na kukaa hapo, ukungu unaanza kwenye migongo ya vitabu, na huwa unaanzia rafu iliyogusana na ukuta, mahali ambapo hakuna anayepitisha mkono kila siku.

Maji yenyewe yakiingia chini ya mlango, mna saa 48 tu kabla ukungu haujaanza kuota kwenye karatasi zilizolowa. Vitabu vya kiada vyenye kurasa zinazong'aa ndivyo vinavyoumiza zaidi: vikilowa kisha vikakaukia vimefungwa, kurasa zinagandana na kuwa tofali moja. Ukijaribu kuziachanisha, wino unabanduka na ukurasa wa jirani. Hakuna anayeweza kukiokoa kitabu hicho.

Na bado sijafika kwa mchwa. Msingi ulio wazi unakusaidia kwa sababu mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo nje, unaiona, unaivunja, unaweka dawa. Ukuta ukishazikwa kwa kifusi, anapita gizani nyuma ya zege, anaingia kwenye ufa wa sakafu, anapanda ndani ya mguu wa rafu. Kitabu kinabaki kimesimama vizuri, jalada zima, ukikivuta unakuta ganda na udongo. Katika mji wowote wenye mchwa, kujaza udongo juu ya dipisii ya jengo lenye karatasi ni kumfungulia mlango.

Sasa gharama ya kurekebisha, maana hapa ndipo mtu hulia. Sentimita 40 kwa mita za mraba 108 ni mita za ujazo 43 za kifusi. Kukitoa ni kazi ya sururu na koleo, kwa sababu katapila halikai vizuri ubavuni mwa jengo. Zege linavunjwa, pevingi nyingi zinavunjika nalo. Plasta ya ndani iliyojaa chumvi lazima ibanduliwe mpaka juu ya mstari wa unyevu, na huwezi kupiga plasta mpya hadi ukuta ukauke. Makadirio ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo tofali la sentimita 15 linataka miezi sita, na rafu za upande huo ziko katikati ya chumba muda wote. Hela ya kubomoa inaweza kuipita ile ya kujenga, na hakuna anayechanga mara ya pili kwa ajili ya kubomoa.

Fundi akiwaambia "maji yatajitafutia njia" anasema kweli: yataitafuta, na njia iliyo rahisi kuliko zote ni chini ya mlango wenu. Linaniudhi neno hilo kwa sababu linasemwa na mtu ambaye hatakuwepo wakati wa mvua. Muulize kifusi anakitoa wapi. Mara nyingi kinatoka kwenye jengo linalovunjwa mtaa mwingine, ambako ameshalipwa kukiondoa, kisha analipwa tena na nyinyi kukipokea. Na kifusi cha majengo kina chokaa na saruji. Maua yanayopandwa juu yake yanageuka njano majani huku mishipa ikibaki kijani, mnadhani ni ukosefu wa maji, mnamwagilia zaidi, na maji yanaelekea ukutani.

Kanuni yangu ni moja na siibadilishi: masika yapite kwanza, ndipo uweke pevingi. Usimwage zege wala kulaza jiwe la kudumu kwenye ardhi ya bustani ambayo hujaiona ikinyeshewa msimu mzima. Uzinduzi wa mwezi wa 4 uache. Mwezi wa 4 masika yako katikati, udongo uliojazwa Februari haujashikana, na kila kilichowekwa juu yake kitatitia vipande vipande. Kama tarehe hiyo ni ya kumbukumbu ya msiba na familia inaihitaji, fanyeni kisomo siku hiyo, pandeni mti mmoja, mwende nyumbani. Bustani ijengwe kuanzia Juni.

Masika hayo msiyapoteze. Chomekeni vijiti kila baada ya mita 3 eneo lote, mvua kubwa ikikatika mtu aende na rula apime kina cha maji kwenye kila kijiti, arudi baada ya saa moja, na baada ya saa sita, aandike. Mvua tatu kubwa zinatosha kukuchorea ramani kuliko mchoro wowote wa fundi. Chimbeni shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha 40, lijazeni maji, yakiisha lijazeni tena, mpime yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo ni mfinyanzi, haunywi, msitegemee shimo la kunyonya maji; maji lazima yatoke nje ya kiwanja kwa mtaro. Yakishuka sentimita 3 hadi 8, mko vizuri.

Wakati huo huo wekeni gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) kwenye paa la upande huo, na hili lisisubiri hata wiki. Gata ielekee kwenye tangi la lita 5,000. Tangi likijaa lina uzito wa tani 5, kwa hiyo likae juu ya jamvi la zege kwenye ardhi ya asili iliyoshindiliwa, kamwe si kwenye udongo wa kujaza, na bomba la kutolea maji yanayozidi lipelekwe mbali na ukuta mita 5 au zaidi. Nimeona tangi zuri ambalo bomba lake la maji yanayozidi linamwaga miguuni mwa ukuta ule ule uliokuwa unalindwa.

Juni ikifika, hiyo tofauti ya sentimita 40 muitumie. Kwa mita 3 za kwanza kutoka ukutani ardhi ishuke sentimita 15. Kwa mita 6 zilizobaki ishuke sentimita 2 kwa kila mita, yaani 12. Jumla 27. Mnaweza kuipata bila kuleta hata toroli moja la kifusi: chimbeni sentimita 15 mwisho wa bustani, udongo huo muulete karibu na ukuta uongeze kimo cha sentimita 12, mkiushindilia kwa tabaka zisizozidi sentimita 15. Kibaraza kitabaki juu ya ardhi kwa sentimita 28, dipisii iko salama. Pimeni usawa kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani (maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja), maana jicho hudanganya, hasa penye ukuta mrefu.

Mzee au mwenye kiti cha magurudumu atashukaje? Kwa njia ya mteremko wa 1 kwa 12: kimo cha sentimita 28 kinataka urefu wa mita 3.4, upana mita 1.2 au zaidi, na kishikio upande mmoja. Ipite sambamba na ukuta lakini isiuguse. Acheni ukanda wa sentimita 50 wa kokoto tupu kati yake na ukuta. Watu huona sakafu iliyoinuka ni usumbufu. Maktaba ya McMillan pale Nairobi, ambayo jengo lote ni la kumbukumbu na lilifunguliwa mwaka 1931, unaingia kwa kupanda ngazi. Sakafu iliyoinuliwa huweka vitabu mbali na maji. Nyinyi ongezeni njia ya mteremko tu, msiinue ardhi.

Mwisho wa bustani, upande wa chini, wekeni mtaro. Wa wazi ndio rahisi kusafisha. Mkitaka uliofunikwa, chimbeni upana wa sentimita 30 na kina 50, tandikeni kitambaa cha kuchujia, kokoto safi, bomba la inchi 4 lenye matundu yakiangalia chini, kokoto tena, kisha mkunje kitambaa juu. Bomba lishuke sentimita 1 kwa kila mita. Bila kitambaa, udongo laini utalijaza baada ya misimu michache na hamtajua limeziba mpaka siku ya mafuriko.

Pevingi zisifunike eneo zima. Njia ya mita 1.5 na viwanja viwili vya mabenchi vinatosha, sehemu iliyobaki iwe ukoka na vitanda vya maua. Pevingi za unene wa sentimita 6 zinafaa kwa watembea kwa miguu. Ondoeni udongo wa juu, shindilieni moramu (udongo wa changarawe) sentimita 10 hadi 15, mchanga sentimita 3 hadi 4, panga, jaza mchanga kwenye viungo, funga kingo kwa zege. Kingo ndizo zinazotaka zege. Chini ya pevingi zenyewe msimwage: zikititia mnazing'oa, mnasawazisha mchanga, mnazirudisha kwa siku moja.

Miti. Fikasi nne hapana, hata moja. Mizizi yake inatafuta mabomba na mashimo ya choo, inainua pevingi, na mita 9 si umbali wowote kwake. Mkungu una kivuli kizuri, lakini popo wanaufuata kwa matunda na wanachafua mabenchi usiku, na majani yake mapana yanaziba mtaro. Mwashoki husimama kama nguzo, kivuli chake hakimtoshi msomaji mmoja. Chukueni miarobaini miwili, muipande kwenye ukingo wa chini, mita 7 au zaidi kutoka ukutani na mita 6 baina yake. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza, na shina lisizikwe zaidi ya lilivyokuwa kwenye kiriba. Kila mti lita 20 mara mbili kwa wiki kiangazi cha kwanza: miti miwili, wiki 22 za Juni hadi Oktoba, ni lita 1,760, na tangi lenu linazo.

Benchi likae mashariki ya shina, kwa sababu wasomaji wengi hufika baada ya saa nane mchana na jua liko magharibi. Huku kwetu jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, kwa hiyo kabla hamjachimba misingi ya mabenchi wekeni viti vya plastiki mahali hapo, mtu akae na kitabu saa tisa, aone kama mwanga unampiga kwenye karatasi. Miti itachukua miaka mitatu au minne kutoa kivuli cha maana. Mpaka hapo jengeni kichanja cha mabomba ya chuma mpandishe pasheni. Ikimwagiliwa vizuri inakifunika ndani ya mwaka. Uzio wa mnyaa msithubutu mahali penye watoto, utomvu wake ukiingia machoni ni hospitali.

Mabenchi: mninga au mkongo, kimo cha sentimita 45, yawe na pa kuegemea na mikono, maana mzee bila mikono ya benchi hainuki. Mguu wa mbao usigusane na udongo, uwekwe juu ya kitako cha zege. Na msikubali mbao zipakwe oili chafu. Inafukuza mchwa, lakini jua likiwaka inatoka, na kila atakayekaa ataondoka na mistari myeusi kwenye nguo na kwenye kitabu cha watu.

Jiwe la jina liwe la mwisho kabisa kuwekwa, baada ya udongo kutulia. Granaiti iliyochongwa herufi. Msiweke bamba la shaba, litaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Na kabla ya yote hayo pateni barua ya kibali kutoka kwa wenye maktaba, iwe Bodi ya Huduma za Maktaba au halmashauri, itaje kwa maandishi nani anasafisha gata na mtaro kila mwisho wa Februari na kila mwisho wa Septemba. Gata iliyoziba majani ni sawa na kutokuwa na gata.

Kesho asubuhi pita pale na rula. Isimamishe ukutani kuanzia ardhini, piga picha kutoka chini hadi kwenye dirisha, pembe zote mbili za jengo na katikati, uziweke hapa. Nitakuonyesha dipisii iko wapi na mna sentimita ngapi za kuchezea. Na kama lori limeshamwaga, mwambie fundi akisogeze kifusi mita 3 kutoka ukutani leo hii, kabla hakijanyeshewa.